Stesheni wagoni ya zamani ya Kimarekani: ikague kuanzia mlango wa nyuma

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umeona Ford Country Squire ya 1967, ile stesheni wagoni (gari refu la familia lenye sehemu kubwa ya mizigo nyuma), kwenye ghala la shamba huko Kentucky, mwenye nayo anasema injini inawaka, anataka dola 4,500, na unauliza kama uichukue na uanzie wapi. Mimi nipo Ohio, nina Country Squire ya 1966 ambayo nimeihangaikia mwaka wa nne sasa, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Injini kuwaka ni jambo jema, ila isikufanye utoe hela haraka. Kwenye gari hizi injini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Yangu ni V8 ya inchi za ujazo 390, yaani lita 6.4, na injini za ukoo huo Ford walizifunga kwenye saluni, pikapu na stesheni wagoni kwa miaka mingi. Gasketi, pistoni, pampu ya maji, hata kabureta nzima, unaagiza leo na wiki hii hii mzigo uko mlangoni. Breki na miguu ya mbele ni hivyo hivyo, kwa sababu chini yake ni Galaxie, saluni ya Ford ya miaka hiyo hiyo. Kinachotesa ni vile vitu ambavyo saluni haina: vioo virefu vya ubavuni, raba zake, urembo wa pembeni, na mlango wa nyuma. Walionunua stesheni wagoni walikuwa familia, wakazitumia mpaka zikaisha, na vipuri vyake vya bodi vingi hakuna anayevitengeneza tena. Ukivunja kioo kimoja cha ubavuni utazunguka makaburi ya magari mwaka mzima.

Kwa hiyo ukifika ghalani, usianze na boneti. Zunguka nyuma.

Mlango huo Ford waliuleta 1966 na wakauita Magic Doorgate. Unalala chini kama wa pikapu ukitaka kupakia mbao, au unafunguka kwa pembeni kama mlango wa kawaida ukitaka watoto wapande. Mpaka leo nikiufungua natulia kidogo kuuangalia, kwa jinsi walivyoufikiria vizuri. Ila kwenye gari za miaka yako na yangu, haufunguki mpaka kioo chake kishuke chote, na kioo kinashushwa na mota ya umeme. Mota ikigoma kioo kikiwa juu, mlango ndiyo umefungwa. Waliurekebisha 1969, wakautengeneza ufunguke kwa pembeni hata kioo kikiwa juu.

Wangu niliukuta umegoma. Aliyeniuzia alishaambiwa na gereji moja kwamba mota imekufa. Nikapanda kupitia kiti cha nyuma, nikalala kifudifudi sehemu ya mizigo na tochi mdomoni, nikafungua paneli ya ndani ya mlango. Nikaleta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye mota. Ikazunguka. Kioo kikashuka kwa mlio wa kukwaruza, vumbi la kutu likanijaa usoni, na furaha niliyoipata siku ile sitaisahau. Kumbe tatizo ni waya. Nyaya zinazotoka kwenye bodi kuingia mlangoni hujikunja kila mlango unapofunguliwa. Nilizipapasa kwa vidole, sentimita kwa sentimita, hadi nikafika mahali pamoja palipolegea kama kamba ya kiatu: plastiki ya nje nzima kabisa, shaba ya ndani imekatika. Kipande kifupi cha waya mpya na risasi kidogo ya kuunganishia, kazi ikaisha. Hivyo muuzaji akikwambia mota imekufa, usimbishie, punguza bei, halafu ukapapase nyaya.

Kioo kikishashuka, angalia sehemu ya chini kabisa ya mlango. Maji ya mvua hupita kwenye raba ya kioo yakaingia ndani, na yanatakiwa kutokea kwenye vitundu vya chini. Vikizibwa na majani na tope, bati linaoza kuanzia ndani, na likitokeza nje ujue limeshaisha. Beba sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa usikwaruze rangi, ipitishe taratibu. Isiposhika, chini ya rangi kuna fila, yaani ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, siyo bati. Wangu upande wa kushoto sumaku ilikuwa inaanguka tu. Fundi wa zamani alijaza fila unene wa kidole, akapaka rangi juu. Nilikata kipande kizima, nikakunja bati jipya, nikachomelea kwa nukta nukta nikiruka huku na huku ili lisipinde kwa joto. Wikiendi tatu ziliishia hapo.

Ile "mbao" ya ubavuni nayo usidanganyike nayo. Kwa gari za miaka hii siyo mbao, ni plastiki nyembamba iliyochapwa picha ya mbao, na 3M bado wanaiuza kwa jina la DI-NOC. Tatizo ni kwamba inaficha kutu. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Ukisikia inabonyea au ina vipele, chini yake kuna kazi. Siku ya kuibandika mpya, tafuta mtu wa pili, maji ya sabuni na subira. Na zile fremu nyembamba zinazoizunguka zitoe kama unashika yai, klipu moja moja, kwa sababu ukiipinda moja hupati nyingine.

Ingia chini na tochi. Gonga fremu ya gari, yale machuma mazito yanayobeba bodi, kwa nyundo ndogo, hasa pale inapopanda juu kupisha ekseli ya nyuma. Sauti ya kengele ni nzuri. Sauti ya kopo bovu, rudi nyumbani, hata bodi iwe inang'aa namna gani. Huku kwetu wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi haina huruma na fremu. Kentucky nako wanaimwaga, kwa hiyo uliza gari iliishi wapi kabla ya kuingia ghalani.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize kabisa. Gari yangu ya 1966 ilitoka kiwandani na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ya chumba kimoja. Ikivuja popote, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Mwezi wa kwanza niliona pedali inashika vizuri, nikampakia mwanangu tukaenda kujaza petroli. Tukiwa tunarudi, silinda ya gurudumu la nyuma ikaachia. Pedali ilikwenda mpaka sakafuni, hakuna kitu. Gari ya karibu tani mbili, mbele kuna taa nyekundu. Niliweka gia ndogo, nikakanyaga breki ya kuegeshea, tukasimama nusu mita nyuma ya lori. Mwanangu hakusema neno hadi tulipofika nyumbani. Kesho yake nilianza kung'oa mfumo wote: silinda nne za magurudumu, mipira, paipu zote za chuma, na nikafunga masta silinda ya vyumba viwili. Yako ya 1967 inatakiwa iwe nayo tayari, lakini gari iliyolala miaka mingi mafuta yake ya breki yameshanyonya maji na paipu zimeliwa kutoka ndani. Badilisha zote kabla hujatoka nayo nje ya geti. Usijaribu kwanza uone.

Kuhusu kuwasha: gusa injini kabla muuzaji hajaiwasha. Kama ni ya moto, alishahangaika nayo kabla hujafika. Kama haijawashwa siku nyingi, mwombe asiiwashe kwa petroli iliyomo kwenye tangi. Nusa tu pale pa kujazia. Petroli iliyooza inanuka kama vanishi. Mimi yangu nilitoa plagi zote 8, nikatia oili kidogo kila silinda, nikaiacha usiku kucha, kisha nikaizungusha kwa mkono na spana kwenye bolti ya mbele ya krenkishafti. Halafu badilisha mipira yote ya mafuta. Petroli nyingi ya huku sasa ina ethanoli hadi asilimia 10 na mipira ya zamani haiiwezi. Nunua pia oili yenye zinki ya kutosha, kamshafti za zamani zinaihitaji.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa umesema una watoto. Usiendeshe ukiwa umefungua kioo cha nyuma peke yake. Umbo la gari hizi linavuta moshi wa ekzosi kurudi ndani, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu. Wanaokaa viti vya nyuma kabisa ndio wanaoanza kuivuta. Raba ya mlango ikiwa imekauka, hata kioo kikiwa kimefungwa moshi unapenya, kwa hiyo ibadilishe mapema, pamoja na kuhakikisha ekzosi haina tundu.

Bei: mlango na fremu vikiwa vizima, mimi dola 4,500 ningelipa hata injini isingewaka. Fremu ikiwa imeoza, hata akikupa bure utaijutia. Mlango peke yake ukiwa umeoza, anza mazungumzo kwenye 2,000 na umwonyeshe sumaku inavyoanguka.

Ukienda, piga picha za chini ya mlango wa nyuma na za fremu karibu na ekseli, uziweke hapa kabla hujalipa. Nitaziangalia usiku nikitoka kazini.