Mbunifu majengo Chicago: koneksheni mnazoniuliza zinapatikana wapi

Mwezi haupiti bila mdogo wangu mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu Ardhi, au rafiki wa kazi kutoka Dar au Nairobi, kuniuliza swali lilelile: huko Chicago mbunifu majengo anajiendelezaje, na koneksheni anazipata wapi? Wengine huongeza kwamba mji wa maghorofa marefu namna hiyo haukosi kazi. Nimekuwa nikijibu vipandevipande, kila mtu kivyake, na naona si haki. Hili hapa jibu langu lote, bila kuwapambia.

Fursa zipo, tena nyingi kuliko jioni ulizonazo kwa wiki. Kinachowapa shida wageni ni namna kujuana kunavyofanya kazi hapa. Nyumbani mtu anaweza kukupokea kwa sababu mmesoma pamoja, au mjomba wako anamfahamu. Hapa anakupokea aliyekuona ukifanya kazi kwa macho yake, hata kama ni kazi ya kupanga viti na kuandika muhtasari wa kikao. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Nianze na leseni, maana ndipo wengi wetu tunapokwama. Illinois ndilo jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya leseni kwa wabunifu majengo, mwaka 1897, na hadi leo hawana mchezo na jambo hilo. Uwe umebuni hospitali nzima kule Dodoma, ukifika hapa bila leseni ya jimbo huruhusiwi kujiita mbunifu majengo wala kugonga muhuri kwenye michoro. Unafanya kazi chini ya mwenye leseni, na cheo chako kinaandikwa hivyo. Inauma, hasa kwa mtu aliyezoea kuitwa na wateja na mafundi kwa heshima yake. Jiandaeni kwa hilo kabla ya kupanda ndege.

Njia ya kuipata inapitia NCARB, baraza linalounganisha bodi za majimbo yote. Wanataka vitu vitatu: shahada, saa za kazi na mitihani. Shahada ya nje hupelekwa EESA, ambako wanaipima somo kwa somo, na wakiona pengo unatakiwa kuliziba kwa masomo ya ziada. Saa za kazi ni 3,740, zimegawanywa katika maeneo sita kuanzia uendeshaji wa ofisi hadi usimamizi wa ujenzi, na fungu kubwa kuliko yote, saa 1,520, ni la kuandaa michoro na nyaraka za ujenzi. Angalau saa 1,860 lazima uzipate kwenye ofisi ya ubunifu majengo, chini ya mtu mwenye leseni ya Marekani au Kanada. Kisha mitihani sita ya leseni, iitwayo ARE. Ukishayavulia nguo maji hayo, yaoge. Nimeona watu wazuri sana kazini wakiishia mtihani wa tatu au wa nne kwa sababu ya uchovu, na kila mwaka unaopita kurudi kunakuwa kugumu zaidi.

Kuhusu saa hizo, kuna kanuni ambayo ningependa kila anayekuja aijue: saa unazowasilisha ndani ya miezi minane tangu uzifanye zinahesabiwa zote, ukichelewa zaidi ya hapo, hadi miaka mitano, zinahesabiwa nusu tu. Mtu anafanya kazi miaka miwili akisema atajaza fomu akitulia, halafu jasho lake la mwaka mzima na ushee linakatwa katikati. Jaza kila mwezi, na msimamizi wako asaini kila mwezi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. NCARB ina njia nyingine kwa aliyekwisha kusajiliwa kama mbunifu majengo katika nchi yake. Huyo hapeleki shahada yake EESA. Anathibitisha elimu yake na usajili wake wa nyumbani, kisha anaendelea na saa za kazi na mitihani. Majimbo hayafanani katika kuikubali njia hiyo, kwa hiyo uliza bodi ya jimbo unalokwenda. Lakini mnaona inaelekea wapi: kijana anayetaka kukimbilia huku mara tu baada ya kuvua joho anajifungia mlango huo. Kaa kwanza. Fanya mazoezi ya kazi, fanya mtihani wa AQRB, bodi ya usajili ya Tanzania, pata namba yako ya usajili. Kwa Kenya ni BORAQS. Najua mnaona bodi inachelewesha safari. Mimi nawaambia ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote kwenye begi lenu.

Kujiendeleza baada ya hapo si hiari. Mwenye leseni Illinois lazima afikishe saa 24 za mafunzo kila miaka miwili, na mwanachama wa AIA, chama cha wabunifu majengo cha hapa, anatakiwa kuwa na saa 18 kila mwaka, 12 kati ya hizo zikihusu afya, usalama na ustawi wa watu. Saa hizo zimezaa utamaduni ambao sikuujua kabisa nilipokuwa Dar: mafunzo ya mchana. Kampuni inayotengeneza vioo, vifaa vya paa au milango ya kuzuia moto inatuma mtu wake ofisini kwenu na chakula cha watu wote. Mnakula, anafundisha saa moja, na kila aliyehudhuria anaandikiwa saa yake.

Usiidharau meza hiyo. Siku moja alikuja bwana mmoja na kipande cha ukuta kilichokatwa, upana wake kama dirisha dogo, ili tuone matabaka yote kwa ubavuni: tofali la nje, nafasi tupu, povu gumu la kuzuia baridi, utando wa kuzuia maji, fremu ya chuma, bodi ya jasi. Alikipitisha mkono kwa mkono. Chini ya tofali kulikuwa na matundu madogo na bati jembamba lililokunjwa, ili maji yaliyopenya yapate njia ya kutoka kabla hayajaganda. Mimi nilitoka nchi ambayo ukuta wa tofali za saruji na plasta unatosha, na akili yetu yote tunaielekeza kwenye kivuli na upepo upite. Hapa msingi lazima ushuke inchi 42, zaidi ya mita moja, kwa sababu maji ya ardhini yakiganda yanavimba na yanaweza kuinyanyua nyumba. Elimu hiyo niliipata mezani, nikiuliza maswali ambayo wenzangu waliyajua tangu chuoni, na hakuna aliyenicheka. Jambo jingine: watu hawa wa vifaa wanazunguka ofisi zote za mji. Wanajua nani amepata mradi mkubwa na nani anatafuta watu kabla tangazo halijatoka. Aliyeuliza swali zuri wanamkumbuka.

Jioni ndiyo kuna mikutano yenyewe. Tawi la AIA la Chicago lipo tangu 1869, na lina vikundi vya kitaalamu vya nyumba za kuishi, hospitali, teknolojia na mengineyo. Kuna pia Chicago Women in Architecture, chama cha wanawake kilichoanzishwa 1974. Dada zangu, hicho kitafuteni mapema. Kosa ninaloliona kwa wageni ni kwenda kwenye hafla kubwa, kugawa kadi ishirini, kisha kurudi nyumbani kusubiri simu. Simu haiji. Chagua kikundi kimoja kidogo, nenda kila mwezi, na wakitafuta mtu wa kuandaa ziara ya jengo au kumtafuta mzungumzaji, nyoosha mkono. Baada ya miezi kadhaa wakuu wa ofisi usizoweza hata kuingia mlangoni wanakufahamu kwa jina, na wanajua ukisema kitu unakitimiza.

Kuhusu rangi, mmeniuliza kwa kuzungukazunguka, nami nitajibu moja kwa moja. Weusi ni takriban asilimia 2 tu ya wabunifu majengo wenye leseni nchini Marekani. Utaingia vikao vingi ukiwa peke yako. Mwaka 1968 Whitney Young, kiongozi wa haki za kiraia, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa AIA akawalaumu wabunifu majengo usoni kwa kukaa kimya kuhusu haki hizo. Mwaka 1971 wabunifu weusi 12 wakaanzisha NOMA, chama cha wabunifu majengo wa jamii za wachache, na tawi lake la Illinois ndipo nilipopata watu wangu wa karibu katika taaluma. Kila kiangazi wana kambi ya watoto iitwayo Project Pipeline. Unakaa meza moja na mkurugenzi wa kampuni, nyote mnakata maboksi na gundi imewaganda vidoleni, mnamsaidia mtoto wa miaka kumi na mmoja afikirie maktaba ya mtaa wake. Mazungumzo ya siku hiyo ni tofauti kabisa na ya kwenye hafla ya suti.

Nasikitishwa na baadhi yetu Waafrika tunaokuja na kujitenga na Wamarekani Weusi, kana kwamba habari zao hazituhusu. Beverly Greene alipata leseni hapa Illinois mwaka 1942, mwanamke mweusi wa kwanza nchini humu, wakati ambao ofisi nyingi zisingempa hata kiti. Mlango tunaoingilia leo wameufungua wao, na wengi wao wamenishika mkono bila kuniuliza natoka wapi.

Mnapenda pia kuniuliza kama mhamiaji anaweza kufika juu kabisa. Fazlur Khan alikuja kutoka Dhaka mwaka 1952 kusoma uhandisi Chuo Kikuu cha Illinois. Ndiye mhandisi wa John Hancock Center yenye ghorofa 100, na wa Sears Tower, ghorofa 110, lililokuwa jengo refu kuliko yote duniani kwa takriban miaka 25. Yote mawili aliyafanya bega kwa bega na mbunifu Bruce Graham ndani ya ofisi moja, SOM. Ninachokiona kwake ni kwamba alimpata mtu mmoja wa kufikiri naye, wakakaa pamoja miaka mingi. Ningechagua mmoja wa aina hiyo kuliko kadi mia mbili.

Vya bure ni vingi: Open House Chicago kila Oktoba, ambapo majengo ambayo kwa kawaida hufungwa kwa umma yanafunguliwa, maonyesho na mihadhara ya Graham Foundation, taasisi ya ruzuku za ubunifu majengo, kwenye jumba la Madlener, maktaba ya Ryerson na Burnham pale Art Institute. Nendeni mkifika, sitawachosha nayo.

Na upande mwingine. Ofisi ndogo, ambazo ndizo zingekufundisha kila kitu, mara nyingi hazina uwezo wala uzoefu wa kushughulikia viza ya kazi, kwa hiyo mgeni husukumwa kwenye kampuni kubwa, ambako unaweza kukaa mwaka mzima ukichora ngazi na vyoo. Ujenzi ukiyumba, ofisi za ubunifu hupunguza watu mapema, na viza yako imefungwa kwenye kazi hiyohiyo. Majira ya baridi giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, umechoka, nyumbani wanasubiri hela, na kikao kinaanza nusu saa baadaye upande wa pili wa mji. Ni katika jioni za namna hiyo watu wengi wetu wanaacha kwenda. Siwalaumu. Lakini msidhani aliyefika mahali alifika kwa bahati.

Aliyeniuliza kama aje kwa ajili ya koneksheni tu, jibu langu ni hapana. Njoo kwa masomo au kwa kazi uliyokwisha kuipata kwa maandishi. Kabla ya kuondoka, omba chuo kikuandalie matokeo rasmi pamoja na maelezo ya kila somo ulilosoma, kwa sababu EESA wanayataka, na kuyafuatilia ukiwa huku ni kazi ya miezi. Chukua barua ya kila mwajiri inayotaja mradi, tarehe na kazi uliyofanya hasa. Piga picha za majengo yako yakiwa yanatumika, watu wakiwemo ndani, maana hapa wanauliza sana jengo linaishije baada ya fundi kuondoka.

Na kwa anayebaki nyumbani: Graham Foundation hutoa ruzuku kila mwaka kwa mtu mmoja mmoja, popote alipo duniani, kwa utafiti, machapisho, filamu au maonyesho kuhusu majengo. Hawalipi ada wala gharama za ujenzi. Wapo kwetu watu wanaojua nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, au majengo ya Dar ya miaka ya sitini, kuliko mtu yeyote wa huku. Andikeni ombi. Anayehitaji mtu wa kulisoma kabla hajalituma, anitumie mimi.