Kesi ya kwanza ya ulevi barabarani usiimalize haraka

Mwaka 2009 nilikamatwa Houston nikiendesha gari nimelewa. Namshukuru Mungu sikumgonga mtu. Nililala ndani usiku mmoja, na asubuhi nilichowaza ni kuwahi zamu ghalani. Nikaambiwa nikikiri nitatoka mapema. Nikakiri, nikalipa faini, nikaamini nimemalizana na serikali.

Ndugu zangu, Texas faili hilo halifungwi. Tangu 2005 sheria ya jimbo hili haina ukomo wa miaka: hatia ya miaka 20 iliyopita huhesabiwa sawa na ya juzi, hata kama ulihukumiwa jimbo jingine. Nilipokamatwa tena 2018, mwendesha mashtaka alitoa karatasi ya 2009 na kesi ikapanda daraja palepale. Kosa la kwanza kwa kawaida ni siku 3 hadi 180 katika jela ya kaunti. La pili ni siku 30 hadi mwaka mzima. La tatu ni jinai kubwa, miaka 2 hadi 10 gerezani, hata kama hakuna aliyeumia. Mimi nilipewa siku 30, na mwanangu alianza shule nikiwa ndani.

Kwa hiyo kesi ya kupigania ni ile ya kwanza. Usikiri kabla ya kuonana na wakili. Kama huna fedha, mwombe hakimu akupangie mmoja. Wakili achunguze polisi walikusimamisha kwa sababu gani na kipimo kilichukuliwaje. Tangu Septemba 2019 baadhi ya wenye kosa la kwanza, ambao kipimo chao cha pombe katika damu hakikufika 0.15, wanaweza kuwekwa chini ya uangalizi bila kutiwa hatiani. Ni nafuu kweli, lakini ukirudia, nayo inahesabiwa.

Madereva wa malori, ninyi hatia ya pili inawafungia leseni ya biashara maisha, hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo. Na anayeomba uraia ajue kwamba hatia mbili ndani ya miaka 5 humfanya aanze kwa kuhesabiwa hana mwenendo mwema.

Kama ulishakiri zamani, kachukue nakala ya hukumu kwa karani wa mahakama umpelekee wakili, maana hatia iliyopatikana bila wakili wakati mwingine hupingika. Yangu niliichukua kwa kuchelewa. Saini yangu iko chini ya mstari unaosema nimeelewa haki zangu zote, na mwaka ule Kiingereza changu hakikutosha kuusoma.