Fundi akikwambia tantebo yako imekufa, muulize anaitakia nini

Juzi kuna dada kaniandikia, baba yake kamuachia Technics SL-1200MK2, tantebo yaani mashine ya kupigia santuri, kaipeleka kwa fundi kaambiwa hiyo imeshakufa, auze tu kama skrepa. Dada yangu, kabla sijakujibu ngoja nitoe donge langu, maana hayo maneno na mimi niliambiwa, na fundi ambaye simtaji, tena akaongezea "dogo nikupe hela kidogo uniachie". Sasa kama imekufa ya nini? Niliibeba tantebo yangu, na ile kitu ni kilo 12 na ushee, nikatoka bila kuaga. Inapiga mpaka leo.

Wengi hawajui wanachokidharau. Matsushita, kampuni ya Japani iliyokuwa inatengeneza Technics, walipoitoa SP-10 mwaka 1970 tantebo nyingi zilikuwa zinazungushwa kwa mkanda au kigurudumu cha mpira, na mpira unazeeka tu, unalegea, muziki unaanza kuyumba kama mlevi. Wao wakaweka mota chini ya sahani yenyewe, ile inayozunguka na santuri juu yake, hakuna cha katikati. SL-1200 ikaja 1972, halafu MK2 mwaka 1979 ikiwa na kristali ya kwotzi inayoshikilia spidi, ukibonyeza stati inafika mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ndani ya sekunde 0.7. Ndio maana madijei waliing'ang'ania, unaishika sahani kwa mkono, unaiachia, inarudi kwenye spidi hapo hapo. Na kwenye hizi SL-1200 sumaku ya mota imefungwa chini ya sahani, yaani sahani ni sehemu ya mota, kwa hiyo ukitaka kuitoa chomoa umeme kwanza.

Yangu ilikuwa inatoa sauti upande mmoja na spidi inacheza. Hayo ndo "mauti" yenyewe! Upande mmoja ulikuwa ni uchafu kwenye zile pini nne ndogo za kupitishia sauti pale kichwa cha sindano kinapoingia kwenye mkono, nikazifuta zikang'aa, spika zote mbili zikaamka. Spidi ilikuwa ni ile slaida ya pichi, ya kuongeza na kupunguza spidi, imejaa vumbi, nikapulizia dawa ya kusafishia kontakti, nikaisukuma juu chini juu chini mpaka ikalainika. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo dada, anza na vidogo. Angalia ile taa nyekundu pembeni na nukta za ukingo wa sahani, pichi ikiwa sifuri ile safu ya nukta kubwa inatakiwa ionekane imesimama tuli, ikitembea ujue spidi haiko sawa. Ukisikia mngurumo kwenye spika angalia ule waya wa ethi umefungwa kwenye amplifaya au umeachwa unaning'inia. Sindano usiulize ina umri gani, badilisha, sindano iliyochoka inakwangua santuri na santuri iliyokwanguliwa hairudi. Oili ni tone mbili tatu kwenye ekseli, ile nguzo ya katikati inayobeba sahani, sio kumwaga kama unakaanga. Na usafi jamani, usafi, nimeshasema na nitasema tena.

Ila kabla ya yote hayo soma kibandiko cha umeme nyuma. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni volti 100, ukiichomeka kwenye 220 au 240 bila transfoma hapo ndo utaiua kweli, na yule fundi atakuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza.

Watu wa siku hizi mna haraka sana ya kutupa. Kitu kikikohoa tu mnakimbilia kipya cha plastiki, chepesi, mkono wa sindano hauna hata uzito wa kurekebisha, halafu mnalalamika santuri zinaruka. Mzee wako hakuwa mjinga kuitunza miaka yote hiyo.

Piga picha hicho kibandiko unitumie, na kwa fundi usirudi nayo.