Malkia wa chini ya ardhi si Mchawi Mweupe

Ndugu, umeuliza kama yule mwanamke wa vazi la kijani, malkia wa nchi ya chini ya ardhi katika The Silver Chair, kitabu cha C.S. Lewis cha mwaka 1953 kuhusu nchi ya kubuni ya Narnia, ndiye Mchawi Mweupe, yule mtawala mwovu wa kitabu cha kwanza cha Narnia, aliyerudi kwa sura nyingine. Kwa maoni yangu siye. Mwandishi hasemi hivyo popote. Bundi mmoja katika hadithi anamdhania tu kuwa wa kundi lile lile, na kibete mzee, mwishoni, anasema kwamba wachawi wa Kaskazini hutaka jambo lile lile katika kila zama, ila hubadilisha mpango.

Jambo lenyewe ni utawala. Akiwa nyoka, mwanamke huyo anamuua malkia wa Narnia, kisha, akiwa mwanamke mzuri, anamnasa Rilian, mwana wa malkia huyo huyo, na kumweka kifungoni miaka kumi, akimwandaa kuivamia kwa njia ya handaki Narnia, nchi ambayo tayari ni urithi wa Rilian, ili yeye mchawi atawale nyuma ya mgongo wake.

Hata hivyo, mimi namwogopa zaidi pale anapotupa unga motoni, akapiga kinanda cha nyuzi taratibu na kuwashawishi wageni wake kwamba jua halipo, kwa sababu hapo hana haja ya meno. Nilipowasomea wanangu hapa Bukavu, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kwa mwanga wa tochi, umeme ukiwa umekatika kama kawaida, kitinda mimba aliuliza mbona asijigeuze simba. Nilimjibu kwamba kitabu kinamwonyesha kwa maumbo mawili tu, na nyoka ndilo analolirudia uongo wake unaposhindwa.