Ukienda Lamu kwa Maulidi, nenda kama mgeni wa watu

Mara ya kwanza nilipokwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi nilifika mapema mno, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Kwetu Mombasa, ukitaja Maulidi, wengi hufikiria tarehe 12 ya Mfunguo Sita, yaani Rabiul-Awwal. Basi nikaomba likizo ya siku nne kuizunguka tarehe hiyo, nikapanda basi alfajiri, na jioni nikashuka kwenye gati la Lamu nikitarajia kuukuta mji umefurika. Niliukuta uko katika shughuli zake za kila siku. Misikiti kadhaa ilikuwa na maulidi yake ya usiku, nayo yalikuwa mazuri, lakini Maulidi makuu, yale ya Msikiti wa Riyadha, kwa desturi husubiri siku za mwisho za mwezi, na kilele chake huwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Mama mwenye nyumba niliyofikia alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, si ungeuliza kwanza?"

Tangu siku hiyo nimekwenda mara nne nyingine, na kila mara nimeuliza kwanza. Mwezi wa Kiislamu hufuata kuandama, na kila mwaka tarehe zake hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo tarehe uliyoisoma mahali miezi sita kabla ni makadirio tu. Mpigie simu mtu aliyeko Lamu, hasa baada ya mwezi kuandama, umuulize Maulidi ya Riyadha yameangukia siku gani. Ukiwa humjui mtu huko, wenye nyumba za kulala wageni watakujibu, kwa kuwa wao pia hupanga shughuli zao kwa habari hiyo.

Nasisitiza jambo la kuuliza kwa sababu Maulidi haya hayakuandaliwa kwa ajili ya watalii. Ni ibada ya watu wenyewe, na wewe unakaribishwa ndani yake. Yanafungamana na jina la Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalil-Layl aliyetoka Ngazija katika visiwa vya Komoro akaja kuishi Lamu katika karne ya 19. Aliwafundisha dini watu ambao mji uliwaweka pembeni, wakiwemo waliotoka utumwani na vizazi vyao, na akaingiza matari katika usomaji wa maulidi, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji wakati huo hawakulipenda hata kidogo. Msikiti wa Riyadha umesimama upande wa Langoni kwa zaidi ya miaka 100 sasa, na maulidi yanayosomwa pale ni yale ya Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut, Yemen, na Ali bin Muhammad al-Habshi. Nadhani mtu akishajua kwamba sherehe hii ilianza kwa kuwafungulia mlango waliofungiwa, huelewa kwa nini wenyeji humpokea mgeni kwa moyo mkunjufu hivi, na huona aibu kuingia kwa pupa.

Fika angalau siku tatu kabla ya usiku wenyewe. Wageni wengi hufika Alhamisi jioni, wakatazama, wakaondoka Ijumaa, na kwa maoni yangu hukosa sehemu iliyo tamu kuliko zote. Katika siku hizo za mwanzo utawaona vijana wamechutama kandokando ya moto mdogo wakikausha matari. Ngozi ya tari hulegea kwa unyevu wa pwani, kwa hiyo kijana huligeuzageuza juu ya joto, akaligonga kwa ncha za vidole, akasikiliza, akalirudisha tena motoni, mpaka sauti ile nzito iliyofifia igeuke kuwa kali na safi. Mwaka mmoja nilikaa karibu saa nzima nikimtazama mvulana wa miaka kumi na kitu akifanya kazi hiyo huku mzee mmoja akimsahihisha kwa kutikisa kichwa tu, bila kutamka neno. Usiku ule matari yalipolia msikitini, niliyasikia kwa namna ambayo sikuwahi kuyasikia kabla.

Kuhusu kupiga picha, nitasema kwa uzito, kwa kuwa nilikosea. Katika usomaji wa maulidi kuna mahali ambapo kisomo hufika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, na watu wote husimama. Safu zilisimama kwa pamoja, kanzu nyeupe kutoka ukuta hadi ukuta, moshi wa udi ukipanda juu, nami nikainua simu. Mzee aliyekuwa kando yangu aliushika mkono wangu taratibu akaushusha. "Mwanangu," akaninong'oneza, "hapa twamsalia Mtume." Hakukasirika, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Picha zipige mchana, kwenye mashindano na katika zefe, yaani maandamano ya shangwe, na hata huko muombe ruhusa mtu kabla ya kumkaribia usoni, hasa kina mama. Usiku wa kisomo iache simu mfukoni.

Mavazi si jambo gumu. Mwanamume avae kanzu au kikoi na shati la heshima. Mwanamke ajifunike kwa buibui, au gauni refu la mikono mirefu na mtandio, na aulize mapema kina mama wanakaa wapi, kwa sababu wana nafasi zao. Asiye Mwislamu naye ana nafasi ya kuona mengi nje ya msikiti, kwani ngoma na zefe hufanyika hadharani. Tafuta hasa goma la Lamu, ambalo wanaume husimama safu moja wakiwa na bakora mkononi na kuyumba polepole, kwa utulivu unaomshangaza aliyezoea ngoma za haraka. Siku ya ziara, watu huelekea kwenye kaburi la Habib Swaleh kuomba dua. Huko tembea nyuma ya wenyeji, usitangulie mbele.

Mchana kuna mashindano: bao, kuogelea, kuandika khati, mbio za punda na mbio za mashua. Mbio za punda huvuta watu wengi kando ya bahari, na ushauri wangu ni kusimama mahali palipoinuka, au kujibanza ukutani, kwa sababu punda anayekimbia hachagui njia. Wapanda punda aghalabu ni vijana wanaofanya kazi nao kila siku kubebea mchanga, mawe na mizigo ya madukani, katika mji ambao vichochoro vyake havipitiki kwa gari. Mimi napenda zaidi mashua. Kodi chombo na wenzako, patana bei na nahodha kabla ya kupanda, mumwombe awapeleke karibu na boya la kugeuzia. Hapo ndipo utawaona mabaharia wakikimbilia kwenye ubao uliotokeza nje ya chombo, wakining'inia juu ya maji ili tanga lisiwapindue, kisha wakarudi ndani kwa kishindo mara tu chombo kinapogeuka.

Vyumba hujaa mapema, maana wageni hutoka pwani nzima, Unguja na hata Komoro, kwa hiyo tafuta pa kulala miezi miwili kabla. Kwa ndege utashuka kisiwa cha Manda na kuvuka mlango wa bahari kwa boti. Kwa barabara utapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ni safari ya siku nzima, kisha unamalizia kwa boti. Uliza hali ya usalama wa barabara kabla ya kuondoka. Chukua fedha taslimu kiasi, na ukinunua kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, usibishane na mshonaji mpaka umnyime haki yake, maana kazi hiyo humchukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Wapo watakaokuambia ungoje tamasha la utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Ni tamasha zuri, lina mashairi, kirumbizi (mchezo wa ngoma na fimbo), harusi ya Kiswahili ya kuonyesha na mashindano yaleyale ya punda na mashua, na kwa mwenye watoto wadogo au likizo isiyobadilika huenda likamfaa zaidi. Jukwaa lake huwa kwenye uwanja ulio mbele ya ngome, ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, na mgeni huelewa kwa urahisi aende wapi na saa ngapi. Lakini ukiwa na nafasi ya safari moja tu, nenda Mfunguo Sita.

Tiketi ya kurudi usiikate ya Ijumaa. Ijumaa jioni boti za Mokowe hujaa mno, watu husukumana gatini, na wewe bado una usingizi wa usiku mzima machoni. Ondoka Jumapili. Jumamosi asubuhi mji huamka taratibu, wazee hukaa barazani na kahawa chungu wakizungumza habari za kisomo na za nani alishinda, na ni siku hiyo niliyopata majibu ya maswali yangu mengi, kwa sababu watu walikuwa wamepumzika na walikuwa na muda wa kukaa na mimi.