Nilichojifunza kwa Taarab na Rumba Kuhusu Kuandika Mapenzi ya Faragha

Mswada wa riwaya yangu ya kwanza uliporudi kutoka kwa mhariri, ukurasa uliojaa wino mwekundu kuliko yote ulikuwa ule niliouonea fahari. Ndani yake mume na mke walikutana tena chumbani baada ya miaka miwili ya kutengana. Mhariri alieleza kwamba viungo vya mwili vimetajwa kimoja baada ya kingine, ila hamu hakuiona popote. Niliusoma upya nikakubaliana naye, kwa maana nilikuwa nimeandika mithili ya karani anayeorodhesha mali ya marehemu: mkono, shingo, kifua, kitanda.

Dawa niliipata harusini, Unguja, usiku wa taarab. Kabla ya wimbo kuanza, mpiga ganuni (ala ya nyuzi nyingi) alipiga takasim, yaani ule upigaji wa peke yake usiofungwa na mapigo ya ngoma, ambapo mpigaji hutembea ndani ya maqamu (mpangilio wa sauti za wimbo) apendavyo, akaikaribia sauti ya nyumbani, ile ambayo muziki hurejea kutulia, akaigusa kidogo, kisha akaiacha na kwenda mbali nayo. Wanawake waliokuwa wakijipepea walisahau vipepeo vyao mapajani. Dumbaki, ile ngoma ya kupigwa kwa mikono, ilipoingia hatimaye, na fidla zikaifuata, ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, na wakati huo mwimbaji alikuwa hajatamka hata neno moja. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba ukurasa wangu ulianza na dumbaki na kwamba takasim haikuwamo kabisa.

Tangu hapo kila tukio la faragha ninaloliandika nalipatia takasim yake. Wahusika wangu, ambao ni watu wazima wanaotakana kwa hiari, huingia chumbani wakiwa na kazi nyingine mikononi. Mmoja anakunja kanga, mwingine anatafuta kibiriti cha kuwashia chetezo. Mikono yao hukaribiana kwa sababu ya kazi, kisha kazi yenyewe huitenganisha. Ukurasa ule uliokataliwa niliuandika upya ukaanza hivi: “Alikifungua kikuba cha asumini kwenye nywele zake taratibu, ua baada ya ua, akayapanga juu ya mto upande aliokuwa akilala mumewe zamani, naye mume akabaki mlangoni, asijue kama yale maua yanamkaribisha au yanamwekea mpaka.” Hakuna aliyemgusa mwenzake bado, lakini msomaji ameanza kungoja, na kungoja huko ndiko joto lenyewe. Kiswahili chetu kinasaidia hapa, kwa kuwa neno udi ni jina la ala ya nyuzi na pia ni jina la mti wa kufukiza, hivyo mwandishi anaweza kumfanya msomaji asikie na anuse kwa neno moja.

Mwendo wa tukio linapokolea nilijifunza kwingine, katika rumba ya Kongo. Nyimbo nyingi za rumba, hasa zilizopigwa tangu miaka ya 1970, huwa na sehemu mbili: kwanza waimbaji husimulia polepole, wakibembeleza na kulalamika, halafu gitaa hushika usukani na sebene huanza. Katika sebene maneno hupungua sana, gitaa la solo hurudia kipande kifupi tena na tena, na kila mara hukibadilisha kidogo, mpaka anayecheza hujikuta hawezi kuketi. Mazungumzo ya wahusika wangu nayaweka yote kabla ya sebene. Mtu anayetoa hotuba akiwa kifuani mwa mpenzi wake humtoa msomaji chumbani. Baada ya hapo nachagua kitu kimoja tu, tuseme pumzi, au upepo unaolisukuma pazia, nikakirudia kwa sentensi zinazozidi kufupika, na kila kinaporudi kiwe kimebadilika. Mara ya kwanza pazia linatikisika. Mara ya pili hakuna anayelitazama.

Kuna mtego mmoja ambao ulinigharimu miezi. Nilikuwa nikiandika huku nikisikiliza nyimbo zenye maneno ya Kiswahili, na bila kujua nikawa nayahamisha kwenye ukurasa: waridi, asali, lulu, tabibu wa moyo. Maneno hayo ni mazuri yakiimbwa, kwa sababu sauti ya mwimbaji huyapa uhai mpya kila usiku, ila kwenye karatasi hayana wa kuyaimba. Sasa wakati wa kuandika nasikiliza bashraf, yaani muziki wa ala usio na maneno, na takasim tupu, au nyimbo za lugha nisiyoielewa. (Ukitaka kunukuu mashairi ya wimbo wa mtu ndani ya kitabu chako, tafuta idhini ya mwenye hakimiliki mapema, kabla hujaujenga mkasa mzima juu yake.)

Wengi huniuliza wafike wapi katika kutaja mambo waziwazi. Nawajibu wakumbuke kwamba pwani yetu haijawahi kuwa bubu katika jambo hili. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa taarab na pia kwa ngoma ya unyago, ambamo wasichana hufundishwa mambo ya unyumba, mengine kwa uwazi na mengine kwa fumbo. Fumbo la taarab nalo halikusudii kuficha: kila aliye ukumbini huelewa, na raha iko katika kuelewa pamoja. Tafsida inayomlazimisha msomaji asimame na kujiuliza nini kimetokea ni mbovu, na lugha ya zahanati ni mbovu zaidi.

Urefu nao una kipimo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika 3, na ndani ya dakika hizo mapenzi yalipaswa kuanza, kukolea na kuacha maumivu. Tukio langu likizidi kurasa 3, hulisoma kwa sauti huku nikigonga meza kwa vidole, na pale vidole vinapopoteza mapigo ndipo ninapokata.

Kazi hiyo ya kukata huifanya katika ukimya, redio ikiwa imezimwa, kwa kuwa muziki ukiendelea kupigwa huyapa maneno yangu joto ambalo hayana. Ukurasa wa mume na mke niliukata hivyo mara 4. Katika rasimu ya mwisho maua yale ya asumini yanaonekana tena asubuhi, yamelaliwa na kusinyaa, na harufu yake imeenea pande zote mbili za kitanda.