Viza ya Misri kwa pasipoti ya Tanzania: tulivyoipata mimi na mama

Dada uliyeuliza kama viza ya Misri unaichukulia uwanjani ukishafika Cairo, kwa kuwa shemeji yako wa Ujerumani aliichukua hapo hapo: tafadhali usikate tiketi bado. Shemeji amekwambia kweli, ila kweli yake ni ya pasipoti ya Ujerumani. Yako ni ya Tanzania, na sisi viza tunaiomba ubalozini kabla ya kuondoka.

Nililiona hili kwa macho yangu. Mwaka 2019 nilimpeleka mama Cairo, mdogo wangu alikuwa anamaliza masomo Al-Azhar. Ukishuka kwenye ndege, kabla hujawafikia maofisa wa uhamiaji, unakutana na vidirisha vya benki. Watalii wa Kizungu walipanga foleni pale: mtu anatoa dola 25, anapewa stika, anaibandika kwenye pasipoti huku anatembea. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, mbona sisi tumehangaika mwezi mzima?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwonyesha jalada la pasipoti yake.

Viza ya mtandaoni nayo ni hivyo hivyo. Misri ilianza kuitoa Desemba 2017, lakini kwa mataifa yaliyoorodheshwa, na tuliposafiri sisi Tanzania haikuwamo. Vishoka wanajua kwamba wengi hatuijui orodha hiyo. Jirani yangu alimlipa mmoja laki nne akatumiwa karatasi ya PDF yenye tai wa Misri juu, nzuri kabisa kuitazama. Kaunta ya uwanja wa ndege hapa hapa Dar wakamrudisha nyumbani na mabegi yake. Orodha hizi huongezwa mara kwa mara, kwa hiyo fungua tovuti ya serikali ya Misri wewe mwenyewe utafute nchi yako. Ukiikosa, usikubali mtu akuambie ana njia.

Kuna kundi moja lina nafuu: mwenye viza hai ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya), Uingereza, Marekani au Kanada ambayo ameshaitumia anaweza kupewa viza akifika. Kama ndivyo ulivyo, wathibitishie ubalozini na shirika la ndege kwanza, maana anayekuzuia kupanda ni yule wa kaunta, si ofisa wa Cairo. Utasikia pia mtu alikwenda Sharm el-Sheikh bila kulipa chochote. Upo muhuri wa bure wa siku 15 kwa Sinai ya kusini, yaani Sharm, Dahab, Nuweiba na Taba, ila nao ni kwa mataifa fulani tu, na hauruhusu kwenda Cairo.

Sasa karatasi zenyewe. Tulipeleka pasipoti zenye zaidi ya miezi sita mbele, picha, fomu, nafasi ya tiketi ya kwenda na kurudi (nafasi tu, hela hatukuwa tumelipa), taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya mwajiri wangu na mwaliko wa mdogo wangu pamoja na nakala ya kitambulisho chake cha chuo na ukaazi wake. Mama hana mwajiri wala akaunti ya maana, ni mama wa nyumbani. Nikaandika barua kwamba gharama zake zote nabeba mimi, nikaambatanisha cheti changu cha kuzaliwa kuonyesha kuwa ni mama yangu. Hapo ndipo tulipokwama. Cheti kinamwita Fatma, pasipoti inamwita Fatuma. Kwetu Tanga hilo ni jina moja na hakuna anayelifikiria mara mbili, lakini yule ofisa wa dirishani aliweka kalamu chini ya ile "u" akaniuliza huyu wa pili ni nani. Tukaenda kwa wakili kula kiapo cha majina, tukarudi baada ya siku tatu. Nakuomba sana, kaa chini leo usiku utandaze kila karatasi mezani, usome majina herufi kwa herufi. Pasipoti ndiyo inayofuatwa, hizo nyingine zote ziifuate yenyewe.

Majibu yalichukua wiki tatu. Mwenzetu tuliyekutana naye pale alipata ndani ya wiki moja, kwa hiyo usipange safari kwa kalenda ya mtu mwingine.

Kilichotuumiza zaidi hakikuwa viza. Ilikuwa kadi ya njano. Misri inamdai cheti cha chanjo ya homa ya manjano anayetokea kwetu, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mimi nilikuwa nimechanjwa zamani, na tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha, hairudiwi kila miaka kumi kama zamani. Mama alikuwa hajachanjwa. Kwa kuwa alikuwa na miaka 63, daktari hakumchoma hivi hivi: kuanzia miaka 60 madhara ya chanjo hii, ingawa ni nadra, huwa makubwa zaidi, kwa hiyo alimhoji maradhi yake yote kwanza. Hilo lilikuwa jambo jema, nikamshukuru. Kosa likawa langu. Nilidhani ukishachomwa umemaliza. Cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, na mimi nilimpeleka Jumatatu tukasafiri Jumanne ya wiki iliyofuata. Binti wa kaunta alifungua kadi, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya mezani: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Akaifunga taratibu akasema, "Dada, mama hawezi kwenda leo."

Mama alikaa juu ya begi lake pale pale, hakusema kitu. Alikuwa amebeba visheti vya mwanawe kwenye kopo la maziwa. Tulilipa faini ya kubadilisha tarehe, tukaondoka Ijumaa, tukafika siku moja kabla ya sherehe ya mdogo wangu ya kumaliza masomo. Kila nikiliona lile kopo jikoni roho inaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi: chanjo kwanza, hata kabla ya ubalozi. Kama daktari atasema usichanjwe, aandike sababu na agonge muhuri, kisha uwaulize ubalozini kama wataipokea barua hiyo.

Ukishafika na ukataka kuongeza siku, usisubiri viza iishe. Watu bado wanaelekezana Mogamma, lile jengo kubwa la serikali pale uwanja wa Tahrir, Cairo. Lilifungwa 2021, mambo ya ukaazi sasa ni mtaa wa Abbasia, huko huko Cairo. Nenda na mtu anayejua Kiarabu, uende asubuhi.

Pasipoti, kadi ya njano, mwaliko na namba ya simu ya mwenyeji wako viwe kwenye mkoba wa mkononi. Na mzee kama unaye, zake shika wewe.